Nguo za Wana Waume

Mwezi uliopita binti wa jirani yangu alirudi kutoka Uingereza na sanduku lililojaa nguo za baridi. Alilifungulia sebuleni kwangu ili anipe sweta aliyoniletea, na kabla hajaitoa hiyo sweta nilikuwa nimekwisha kusimama, nimemnyakua mjukuu wangu mchanga mkekani na kutoka naye hadi uani. Waliokuwapo walinitazama kana kwamba nimerukwa na akili. Sikuwa nimefikiri lolote. Harufu ya naftalini, vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo, ilinifika puani na miguu ikaenda yenyewe. Nyinyi wa rika langu mliolelewa katika nyumba za Mji wa Kale mnaijua harufu hiyo kuwa ya Idi na harusi, ya nguo nzuri zinazotolewa mara moja kwa mwaka. Kwangu mimi ni harufu ya ndugu zangu wawili.

Nyumba yetu ilikuwa Kibokoni, nyumba ya mawe yenye ngazi nyembamba ambazo hata adhuhuri ulizipanda kwa kupapasa ukuta. Baba alikuwa karani katika ofisi ya meli Kilindini, na kwa jina ndiye aliyekuwa bwana wa nyumba. Mwenye nyumba hasa alikuwa mamake, Bibi Shufaa. Chumbani mwake mlikuwa na sanduku la misumari ya shaba, na ndani yake nguo ambazo marehemu babu alizileta kutoka Bombay wakati Baba alipozaliwa: shali nyeupe ya sufu laini, kofia ndogo ya hariri, na kitambaa kizito cha kumlazia mtoto, kimetiwa taraza, nakshi ya uzi, pembeni. Kwetu ziliitwa nguo za wana waume. Baba alivikwa hizo, na baada yake wakavikwa ami zangu. Bibi alizipenda nguo zile. Hazikufuliwa ovyo, kila kunjo lilitiwa vidonge vya naftalini, na vilipoisha alimtuma mtu akanunue vingine kwa Mhindi wa Ndia Kuu. Mimi na mdogo wangu Rukia, tulipozaliwa, tulifungwa leso kuukuu za Mama. Tulikuwa wasichana, na hakuna aliyeliona hilo kuwa jambo la kusemwa.

Kati yangu na Rukia alizaliwa Salim, akafa mchanga. Simkumbuki. Baada ya Rukia akazaliwa Abubakar, na huyo namkumbuka vizuri. Siku aliyozaliwa Bibi alilifungua sanduku kwa mkono wake, akaketi kitandani na kumpakata, akamzungushia ile shali mpaka kikabaki kiuso tu, huku machozi ya furaha yakimtoka. Nilisogea kumwona ndugu yangu, na harufu ya zile nguo ikaniwasha macho.

Kabla ya siku ya kunyolewa nywele macho ya mtoto yalikuwa yamegeuka manjano. Kisha kifua, kisha nyayo. Kwenye kitambaa cha taraza mkojo wake uliacha alama ya rangi ya kahawa. Akawa analia kwa sauti nyembamba ya juu, kisha akaacha kulia, na mgongo wake ukajipinda kwa nyuma kama upinde. Waliletwa watu wa kumsomea. Alinyweshwa kombe, maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa sahanini. Bibi hakumweka chini hata kidogo. Alimfunika vizuri zaidi, kwa kuwa mwili wake ulikuwa unapoa, akamkumbatia ndani ya zile nguo mpaka alipokata roho. Nguo zikapigwa jua, zikakunjwa, zikarudishwa sandukuni.

Siku za matanga zilipokwisha nilikuwa nimejilaza kwenye jamvi nje ya pazia la chumba cha Bibi, na Baba alikuwa ndani. Nilimsikia Bibi akisema taratibu, bila hasira, kama mtu anayemweleza mwanawe ugonjwa.

"Wana wa kike wanaishi, wana waume wanakufa. Mkeo yuwala wana waume, mwanangu. Kuna wanawake wa namna hiyo."

Baba akasema, "Yatosha, Mama." Hakusema kwamba si kweli.

Mtu mzima angeelewa kwamba Bibi alikusudia nuksi, kwamba mama yangu ana kisirani kinachowamaliza watoto wa kiume. Mimi nilikuwa mtoto, na nililichukua neno kama lilivyotoka kinywani. Anawala. Nikaanza kumtazama Mama anapokula. Nilimtazama akichambua mwiba wa samaki, akimung'unya mfupa wa mbuzi, akijilamba kidole. Alikuwa mwanamke mpole, mwembamba wa shingo, na upole wenyewe ukazidi kunitisha. Haukupita muda mrefu tumbo lake likaanza kukua, na mimi sikuhitaji kuelezwa tena. Nilijua Salim na Abubakar wako wapi.

Kisha nikasikia sauti. Baada ya chakula cha mchana, nyumba nzima ilipojinyoosha kwa joto, Mama alikuwa akiingia peke yake katika chumba cha kuwekea kuni na mkaa na kurudishia mlango. Nilijibanza nje. Ndani kulikuwa na kitu kinatafunwa, kikavu, kigumu, krau, krau, na baada ya muda Mama akatoka akijipangusa midomo kwa ncha ya mtandio. Jioni ile alipotaka kunisuka nywele nilikataa kumpa kichwa changu. Alidhani naona wivu kwa ajili ya mtoto anayekuja.

Nyanya, mamake Mama, alikuwa akikaa Majengo katika nyumba ya udongo na makuti. Alipopata habari kwamba binti yake ana mimba nyingine alikuja Kibokoni, akamwamkia Bibi Shufaa kwa heshima zote, akauliza hali ya kila mtu, akanywa kahawa, na mwisho akasema kwamba uzazi huu utakuwa kwake. Bibi hakupinga. Labda naye alikuwa amechoka kuzika. Basi tukahamia Majengo mimi, Rukia na Mama, na huko akazaliwa Yusuf. Hapakuwa na sanduku wala shali. Nyanya alimfunga leso zilizofuliwa kwa sabuni ya mche na kuanikwa uani, kama alivyowafunga watoto wote waliopita mikononi mwake.

Yusuf akanenepa. Nyanya alimpaka mafuta ya nazi na kumnyoosha viungo, naye akawa mtoto wa kupiga miayo na kushika vidole vya watu. Mimi nilimlinda. Nilikataa kulala popote ila kati yake na Mama, na Mama alinisifu kwa majirani kwamba nampenda sana ndugu yangu. Nilikuwa nimekwisha kupata jibu langu la kwa nini hajamla. Hapa Nyanya yupo macho, na hapa Mama anashibishwa muhogo na papa. Nilichokuwa nakiogopa ni siku ya kurudi kwetu.

Katika siku zile za Majengo alikuwa akija Mjomba Badi, kakake Mama, aliyekuwa amerejea karibuni kutoka vitani alikokuwa dereva wa lori. Kila kitu kuhusu vita alikisimulia kwa kucheka, isipokuwa kimoja. Alisema huko walipewa vidonge vya homa ya malaria, kikosi kizima kikameza, na yeye peke yake siku ya pili akakojoa mkojo mweusi kama kahawa. Macho yakawa manjano, pumzi ikampotea, na wenzake wakaanza kugawana vitu vyake. Daktari wa jeshi hakuelewa kwa nini yeye na si mwingine. Nyanya aliyasikiliza haya akiwa ameinamia chungu, akasema kakake mwenyewe aliwahi kukojoa hivyo akiwa kijana, wakasema amerogwa. Mama alikuwa akinyonyesha. Aliinua uso akamtazama Mjomba kwa muda mrefu.

Arubaini ilipotimia Baba alikuja kutuchukua. Baba alimwinua Yusuf juu ya kichwa chake, akacheka, na mimi sikuwa nimemwona akicheka tangu nizaliwe, au hivyo ndivyo ninavyokumbuka. Mama alisitasita. Mwisho akakubali, kwa kuwa mtoto alikuwa na afya na Baba alikuwa amesimama mlangoni kama mtu anayeomba.

Kibokoni tulikuta udi umefukizwa na jamaa wamejaa. Bibi alikuwa ameshaliweka sanduku wazi. Alimpokea Yusuf, akamvua leso ya Nyanya na kuitupa kando, akamvika kofia ya hariri, akamzungushia shali, akamlaza juu ya kitambaa cha taraza. "Sasa umekuja kwenu," akamwambia. Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa namtazama Mama, ambaye alikuwa hajala tangu asubuhi.

Nafikiri ilikuwa siku ya tatu au ya nne. Baba alikuwa kazini. Mama alimfungua mtoto kumsafisha, nami nilikuwa karibu kama kawaida yangu. Aliinua kile kitambaa akakipeleka dirishani penye mwanga. Palikuwa na alama ya rangi ya kahawa. Akamrudia Yusuf, akamfungua jicho kwa kidole gumba, akaona manjano. Hakulia wala hakumwita mtu. Alimvua kofia, akamvua shali, akavikunja vyote vizuri na kuviweka juu ya kitanda cha Bibi, mtoto akabaki uchi kama alivyozaliwa. Akavua leso aliyokuwa amejifunga kiunoni, akamfungia humo. Kisha akavaa buibui na kutuambia tushikane mikono.

Bibi alitukuta ngazini.

"Wapeleka wapi mwana wa watu?"

"Kwa mamangu."

"Nguo zake je?"

"Nguo zenu ziko juu ya kitanda. Sitaki isemwe nimetoka na kitu cha nyumba hii."

Bibi alishika ukuta. Sauti yake ilikuwa inatetemeka, na leo, nikiwa na umri kama wake wa siku ile, naamini ilikuwa hofu zaidi kuliko ukali. Akasema, "Maryamu, ukitoka na mtoto huyu, usirudi tena hapa."

Mama alimpita na kushuka.

Tulikwenda kwa miguu, jua la saa nane likiwa limewafungia watu majumbani. Mama alitembea mbio, mimi na Rukia tukikimbia nyuma yake. Nilijua tunakokwenda ni kisingizio. Alikuwa amemwondoa mtoto nyumbani kwenye macho ya watu, amemvua nguo zake kama tunavyomwandaa kuku, na sasa anatafuta mahali. Tulipofika Makadara aliinamisha uso juu ya kichwa cha Yusuf, midomo yake ikagusa utosi, na mimi nikapiga kelele. Nilimrukia nikaushika mguu wa mtoto na kuuvuta, nikimwambia asimle, anile mimi kwanza, tafadhali asimle huyu.

Mama alisimama katikati ya njia. Rukia naye akaanza kulia kwa kuniona mimi. Mama alituvuta hadi kwenye baraza ya duka lililofungwa, akaketi, akaniuliza kwa sauti ndogo ni nani aliyeniambia maneno hayo. Nikamwambia yote: Bibi na Baba nyuma ya pazia, tumbo lake lililokua, sauti ya kutafuna katika chumba cha kuni.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafanya jambo ambalo sijapata kuliona likifanywa na mwanamke mwingine njiani. Alifunua uso wake, akafungua kinywa wazi kabisa, akainamisha kichwa ili jua liingie ndani.

"Tazama," akasema. "Tazama vizuri. Kisha niambie umeona nini."

Nilitazama. Niliona meno yake, na jino moja lililooza, na ulimi. Hamkuwa na mtu ndani. Akatia mkono ndani ya buibui, akatoa kitambaa kilichofungwa fundo, akakifungua na kutoa vipande vya udongo mwekundu ule wa dukani, ambao wanawake wenye mimba huutamani na wengine hawaachi hata wakishazaa. Akakitafuna kimoja mbele yangu. Krau, krau. Akanipa na mimi nionje.

Aliponiona nimetulia akanifuta uso kwa kiganja. Ndipo akalia, si sana. Akasema, kama anajiambia mwenyewe, "Hata mwanangu mwenyewe wamemfanya anikimbie." Tukaendelea na safari. Hakurudi Kibokoni tena kuishi, na nadhani hakulikata shauri lile pale ngazini, alilikata pale barazani.

Yusuf alikuwa mweupe kama karatasi kwa muda, akanyonya kwa taabu, na Nyanya alidhani tutamzika. Kisha manjano yakaanza kumtoka machoni, mkojo ukatakata, akapona. Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Nyanya alisema nyumba ya Kibokoni ina jini anayechukia watoto wa kiume. Mama aliamini hivyo pia, na kwa kukumbuka habari ya Mjomba Badi aliapa kwamba Yusuf hatameza kidonge chochote cha homa. Talaka ililetwa na wazee wawili waliokataa kuketi. Baba aliendelea kuja siku za Ijumaa, na halua mkononi, akisimama uani kumtazama mwanawe akikua.

Akaoa mke mwingine, binti wa mtaa wa Kuze, na mke huyo akamzalia wavulana, mmoja baada ya mwingine. Wote walivikwa kofia ile ya hariri, wakazungushiwa shali ile, wakalazwa juu ya kitambaa cha taraza chenye naftalini katika kila kunjo. Wote wakaishi, wanene, wenye kelele. Basi mji mzima ukawa na ushahidi wake. Nguo ni zilezile, nyumba ni ileile, baba ni yuleyule. Kilichoondoka ni mwanamke mmoja. Hata ile hadithi ya jini ikatufia mikononi. Mama alipopita njiani wajawazito walihamia upande wa pili, na kwa miaka mingi hakualikwa kwenye uzazi wa mtu yeyote. Bibi Shufaa alikufa akiwa na wajukuu wake magotini, na yakini yake kamili.

Mimi nilikua, nikaolewa, nikazaa mabinti na mvulana mmoja. Mvulana alipofika umri wa kwenda shule alishikwa na homa, akapewa vidonge, na kesho yake akaniita chooni akiwa ameogopa. Niliitambua ile rangi ya kahawa. Nilimpeleka kwa daktari mmoja mwanamke, Mhindi mzaliwa wa Mombasa. Aliagiza vidonge visimamishwe mara moja, mtoto akaongezwa damu. Hatari ilipopita aliniketisha akaniuliza kama kuna mtu mwingine katika ukoo aliyepatwa na hali hii. Nikamtajia Mjomba Badi.

"Mjomba. Kakake mamako," akasema, kana kwamba alikuwa akimtarajia. "Na ndugu zako wa kiume?"

Nikamweleza. Akauliza walikuwa wamevikwa nini. Nilidhani ni swali la ajabu, lakini nilimjibu, na nilipotaja naftalini akaacha kuandika.

Alinieleza kwa Kiswahili chepesi, na nitayasema kama nilivyoyaelewa. Kuna kitu ndani ya damu kinachoilinda isivunjike. Maagizo ya kukitengeneza yamo katika uzi ambao mwanamke anao miwili na mwanamume mmoja tu. Mwanamke uzi wake mmoja ukiwa na kasoro, wa pili humtosha, na anaweza kuishi asijue. Akizaa, kila mtoto humpa uzi mmoja, na hakuna ajuaye atatoa upi. Binti akipewa wenye kasoro, anao mwingine wa babake. Mtoto wa kiume hana mwingine. Babake humpa kipande kifupi kinachomfanya kuwa mwanamume, na kipande hicho hakina maagizo hayo. Kwa hiyo baba hawezi kumpa mwanawe wa kiume ugonjwa huu, wala hawezi kumwokoa nao. Na mwenye damu hiyo anaweza kukaa salama miaka yote, mpaka akutane na kinachoivunja: vidonge fulani vya malaria, aina fulani ya maharage makubwa, au mvuke wa naftalini kwenye nguo za mtoto mchanga.

Nilimuuliza juu ya wale wavulana wa mke wa pili. Akasema mama yao aliwapa uzi mzima, basi zile nguo kwao zilikuwa nguo tu.

Nilikwenda Majengo na mabinti zangu. Mama alikuwa uani anachagua mchele kwenye ungo, mzee sasa, macho yakimsumbua. Nilimweleza taratibu kama nilivyoelezwa. Vidole vyake viliendelea kutembea ndani ya mchele. Nilipomaliza akauliza swali ambalo nilikuwa nimeliogopa njia nzima.

"Kwa hivyo ningewafunga leso yangu tu, wangeishi?"

Nilitaka kusema uongo. "Pengine wangeishi, Mama."

"Na yeye hakujua."

"Hakujua. Alikuwa anawafunika wasipate baridi."

Akaitikia kwa kichwa. Akatoa punje moja nyeusi, akaitupa. Kisha akageuka kuwatazama mabinti zangu waliokuwa wakipigana maji karibu na mtungi.

"Wewe unao."

"Ninao."

"Na Rukia?"

"Haijulikani. Hajazaa mtoto wa kiume."

"Na hawa? Ni yupi kati yao?"

"Haijulikani, Mama. Haionekani kwa macho. Labda wote, labda hakuna."

Aliwatazama kwa muda, mmoja mmoja, kama aliyetaka kuona kupitia ngozi. Akauweka ungo chini, akawaita. Walikuja na nguo zilizoroa, akawaketisha mbele yake mkekani na kuwaambia wanyamaze, kwa sababu anataka kuwaeleza habari za wajomba zao.

Mkubwa akasema wao wana mjomba mmoja tu, Mjomba Yusuf.

"Mnao watatu," Mama akasema. "Wa kwanza aliitwa Salim."